MJADALA: Naomba muda wangu ulindwe. Saa ya soka isimame kama ya hoki ya barafu?

Mwanzisha mada, Area A

Mbukwenyi wakuu.

Sisi wa Dodoma Bunge liko mlangoni, kwa hiyo habari ya dakika tunaijua. Mbunge anachangia, mwenzake anamkatiza kwa taarifa, taarifa ikiisha tu wa kwanza anasema: "Mheshimiwa Spika, naomba muda wangu ulindwe." Kengele ya kwanza ikilia anaongeza kasi, ya pili ikilia anaunga mkono hoja na kukaa. Sasa mimi niliyelipa kiingilio Uwanja wa Jamhuri, nikakaa juani saa mbili, muda wangu analinda nani?

Nieleze kilichonikera. Majuzi timu ngeni (siitaji, msianze) inaongoza moja bila. Dakika ya 70 na kitu inapigwa krosi ya kawaida, kipa anadaka, hajaguswa na mtu, anatua kwa miguu yote miwili. Akasimama kidogo kama anayekumbuka kitu. Kisha akakaa. Kisha akalala. Akashika goti la kulia. Daktari amekimbia na begi lake kutoka benchi, kufika pale jamaa ameshika la kushoto. Jirani yangu jukwaani alikuwa ndiyo kwanza amefungua pakiti ya karanga. Alizimaliza, akakunja karatasi, akaifuta miwani yake, kipa bado anapuliziwa dawa. Mwisho wa yote mwamuzi wa akiba akainua kibao: dakika nne. Na katika hizo nne beki akapata "msuli" akala moja na nusu.

Kwa nini kila siku ni kipa? Kwa sababu kanuni zenyewe zimempa mwanya. Mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani anatakiwa atoke nje kwanza, timu yake ibaki pungufu mpaka mchezo uanze tena. Kipa ameachwa. Kwa hiyo kocha akitaka dakika tatu anamtazama kipa tu.

Jioni yake nilikuwa kwa kinyozi wangu kule Sabasaba. Kijana wake kaweka hoki ya barafu kwenye runinga, tunacheka jinsi wanavyogongana. Kwa asiyewahi kuiona: watu sita kila upande akiwemo kipa, viatu vina chuma kama kisu chini, wanapiga kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kilichonifanya nimwambie kinyozi asubiri kwanza ni saa. Vipindi vitatu vya dakika 20, saa inahesabu kurudi nyuma. Filimbi ikilia saa inasimama. Kisahani kikidondoshwa, inaendelea. Mtu aumie, afunge kamba za kiatu, agombane na mwamuzi, namba haiondoki. Na hata hapo wako wakali: kwenye NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, beki akirusha kisahani moja kwa moja juu ya vioo vya pembeni kutoka eneo lake ili kupumua, anaenda benchi la adhabu dakika mbili, wenzake wanacheza pungufu.

Hoja yangu ni kanuni moja tu, ile ya 7 ya soka inayohusu muda. Badala ya dakika 45 mara mbili saa ikikimbia, ziwe 30 mara mbili saa ikisimama kila mpira unapotoka au filimbi inapolia. Sijaitunga mimi. Mwaka 2017 IFAB, chombo kinachotunga kanuni za soka tangu 1886, kiliweka wazo hilihili mezani lijadiliwe. Na msiseme 60 ni chache. Hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, katika zile 90 mpira wenyewe huchezwa kama dakika 55 hivi. Zilizobaki ni kurusha, kupanga ukuta na kulala.

Hizi dakika za nyongeza zenyewe ni kiraka cha zamani. Inasimuliwa kuwa mwaka 1891 huko Uingereza, Stoke walikuwa nyuma kwa goli moja dhidi ya Aston Villa, wakapata penalti zimebaki dakika mbili. Kipa wa Villa akauchukua mpira akaubutua nje ya uwanja kabisa. Ulipopatikana, muda umekwisha. Ndipo ikaja kanuni ya kufidia muda. Miaka mia na thelathini na ushee makipa wanafanya kitu kilekile, tofauti sasa wanalala badala ya kubutua. Kombe la Dunia 2022 waamuzi waliambiwa wafidie kwelikweli. Uingereza na Iran peke yake iliongezwa kama dakika 27 ukijumlisha vipindi viwili. Tangu Julai 2025 kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane inapigwa kona. Ni vizuri, lakini ni kuziba matundu ya panya moja moja wakati ghala halina mlango.

Karibuni. Mnaopinga mje na sababu, si "soka ni utamaduni".

Mdau wa Chang'ombe

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika ukiwa Jamhuri. Njoo huku kwetu. Mwamuzi yuko peke yake, filimbi ameazima shuleni, saa ni ya mkononi na kioo kimepasuka. Upande wa goli la mashariki kuna ua wa mama mmoja ana mbwa. Mpira ukiingia mle, tunamtuma mtoto apige hodi, mama amsalimie mtoto, amuulize mama yake hajambo, ndiyo utoke. Usimamishe saa kila mara hiyo? Tunaanza saa kumi, saa kumi na mbili na nusu giza. Kipindi cha pili tutamalizia kwa tochi za simu.

Uzuri wa soka ni kanuni zilezile Chang'ombe na London. Ukiweka kanuni inayohitaji meza, saa ya ukutani na umeme, umetukata sisi.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Chang'ombe, simu unayoandikia hapa ina saa ya kusimamisha na kuanzisha. Mtu mmoja pembeni ya uwanja, kidole kimoja. Hakuna umeme wala ukuta.

Mwalimu wa michezo, Chamwino

Nawasoma nacheka. Kaka zangu mnajadili kana kwamba jambo hili linatoka kwenye barafu ya Wazungu. Netiboli tunacheza robo nne za dakika 15, tuna watunza muda mezani, mchezaji akiumia mwamuzi anaashiria na saa inasimamishwa. Wasichana wangu wanafanya hivyo kwenye uwanja wa vumbi, meza ni dawati la darasa la nne. Hamjawahi kuuliza kwa sababu hamji kuangalia.

Ila niseme ukweli: kusimamisha saa kwa majeraha ni kitu kimoja, kuisimamisha kila mpira ukitoka ni kingine. Soka mpira unatoka kila mara. Mtunza muda wako atapata kazi.

Mzee wa Kikuyu

Wanangu, hili la magongo mnaliongea kama geni. Tanzania tulikwenda Olimpiki ya Moscow 1980 na timu ya mpira wa magongo, ule wa nyasi. Ndiyo mwaka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha kwa mbio. Kwenye magongo India walitufunga 18 kwa bila. Kumi na nane. Mimi kwa siku ile namshukuru Mungu saa ilikuwa inakimbia.

Anayetaka saa isimame ajiulize kwanza timu yake iko upande gani wa matokeo.

Dereva wa bajaji, stendi

Mimi sina upande, mpira uishe saa inayojulikana nijue abiria wanatoka lini. Hiyo hoki inaisha saa ngapi?

Mdau wa Nkuhungu

Dereva kauliza swali ambalo mwanzisha mada kalikwepa. Hoki ni dakika 60 kwenye karatasi, lakini kaa uangalie: inachukua kama saa mbili na nusu. Mapumziko mawili, na NHL kila kipindi ina vituo vitatu vya matangazo ya runinga. Saa imesimama, haina haraka, tangazo la bia linaingia. Mkuu, ukishaisimamisha saa unadhani anayesubiri pale mlangoni ni shabiki? Ni muuza matangazo. Leo kona haiwezi kuwekewa tangazo kwa sababu dakika inakwenda. Kesho mwamuzi ataambiwa kwenye kile kipaza sauti cha sikioni: subiri kidogo, bado sabuni haijaisha.

La pili, na hili ndilo kubwa. Kipa wako wa Jamhuri hakulala kwa ajili ya dakika tatu peke yake. Alilala kwa sababu timu ya nyumbani ilikuwa imewashika, krosi tatu mfululizo, jukwaa limesimama. Alilala ili jukwaa likae. Saa ikisimama, kulala kunabaki na faida ileile: wenzake wanakunywa maji, kocha anapanga upya, moto unapoa. Kwenye hoki yenyewe NHL kila timu imepewa mapumziko ya sekunde 30 mara moja kwa mechi, na makocha wengi huyaomba wanapobanwa. Saa imesimama muda wote huo na bado wanaitaka ile pumzi. Kwa hiyo dawa yako inarudisha dakika, hairudishi presha.

Mwanzisha mada

Mdau wa Nkuhungu, hapo umenipata pabaya, la presha sina jibu la haraka. La matangazo naweza kulijibu: IFAB ndio wenye kanuni, kura ni nane, FIFA ana nne na vyama vinne vya Uingereza kila kimoja kura moja, na ili kanuni ibadilike zinatakiwa sita. Waandike palepale kwamba mpira ukishakuwa mahali pake uanzishwe ndani ya sekunde kadhaa. Lakini nakubali kwamba pesa ikiingia huwa haisomi kanuni.

La presha niachieni nilale nalo.

Mwanafunzi wa UDOM

Kama tatizo ni tabia, basi achaneni na saa, chukueni benchi la adhabu. Mtu akilala kwa uongo akakae nje. IFAB wanaruhusu tayari adhabu ya kutolewa kwa muda kwenye soka ya vijana na ya mitaani, dakika 10 kwa mechi ya 90. Kipa akitolewa nje dakika kumi, beki avae glovu, uone kama kuna goti litauma tena dunia hii.

Mwanzisha mada

Dogo, nani atathibitisha uongo wa goti? Ukimtoa kipa aliyeumia kweli umefanya dhambi, ukimwacha mwongo umerudi palepale. Saa haihitaji kujua kama goti linauma. Ndiyo maana naipenda.

Mdau wa Chang'ombe

Maneno yamekuwa mengi. Mkuu wa Area A, Jumamosi saa kumi tuna mechi. Njoo na simu yako na hicho kidole kimoja. Tunakupa kipindi cha pili, dakika 30, saa yako. Mwamuzi nimeongea naye, kakubali kwa sharti la soda.

Mwanzisha mada (mrejesho, Jumapili)

Wakuu, niliahidi, nimekwenda.

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya mstari wa kati. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa mfalme. Mpira unatoka, nasimamisha. Unarushwa, naanzisha. Mara mbili umeingia kwa mama mwenye mbwa, mara mbili saa imesimama na hakuna aliyelalamika. Wachezaji wenyewe walianza kumkimbiza mtoto akauchukue. Kijana mmoja alijilaza, akanitazama, akaona nimesimamisha, akainuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu na naliweka hapa kama ushahidi.

Kisha ikapigwa faulo, nikasimamisha. Wakaipiga haraka kabla ukuta haujapangwa, goli. Goli kali, kona ya juu. Mimi nami ni binadamu, niliruka, ndoo ikaenda huko. Watu wamekumbatiana, mpira umerudi katikati, mchezo ukaendelea.

Baadaye mwamuzi akapita karibu yangu akauliza, mkuu zimebaki ngapi? Nikamwambia kumi na saba. Akakimbia. Jua likaanza kuwa jekundu kule kwenye vilima. Akapita tena akiwa anahema, zimebaki ngapi? Nikatazama. Kumi na saba.

Akasimama, akashika kiuno. "Mzee, hizo kumi na saba si ulinipa muda mrefu?"

Alipiga filimbi ya mwisho kwa kukadiria, muadhini akiwa ameshaanza. Soda zimekuwa mbili.

Mwalimu wa michezo, Chamwino

Ulikaa peke yako? Sisi mezani tunakaa wawili, mmoja haruhusiwi kuangalia mchezo, macho kwenye saa tu. Jumamosi ijayo nakuja na mtunza muda wangu wa timu ya shule. Yupo darasa la sita na mpira wa miguu haupendi kabisa.

Mdau wa Chang'ombe

Mwalimu karibu. Ndoo mbili zitakuwepo.