Wakuu, kiboksi cha ME/KE kinaniharibia mfumo. Nikitoe au nikiache?

Koda_wa_Nyegezi:
Habari za jioni wakuu. Natengeneza mfumo wa mtandaoni wa kuuza dagaa wakavu wa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Muuzaji anajisajili, anaweka mzigo, mteja wa Bukavu au Kigali anauona na kupiga simu. Kwenye usajili niliweka jinsia, ME au KE, na bila kujaza huendelei. Sikuwaza sana. Kila fomu niliyojaza tangu shule ya msingi ina hicho kiboksi.

Juzi nikamkalisha mama mmoja ajisajili huku naangalia. Kufika kwenye jinsia, akabonyeza ME. Nikajua kakosea. "Sijakosea mwanangu. Nikiweka mwanamke, watanipigia saa tano usiku na wala hawataulizia gunia."

Kumbe jinsia nilikuwa naionyesha pembeni ya jina, kama pambo tu! Nimejiona mjinga. Shida ni kwamba viongozi wa kikundi cha wauzaji wanataka idadi ya wanawake kwa ajili ya mikopo ya halmashauri. Nifanyeje?

Sangara_Mkavu:
Unakuza mambo mkuu. ME au KE, imeisha hiyo. Mbona NIDA, wa vitambulisho vya taifa, wanauliza na hatulii?

Mtoto_wa_Igoma:
@Sangara_Mkavu NIDA hawakubandiki sokoni na namba yako ya simu.

Mleta uzi, hiyo jinsia mfumo unaitumia wapi? Kiswahili chenyewe hakiihitaji. "Amejisajili", "mzigo wake umefika", yote yanamtosha mtu yeyote. Labda kwenye Bwana na Bibi, na hapo jina linatosha. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa unayokusanya iwe na lengo, na usichukue kuzidi lengo hilo. "Fomu zote zinayo" si lengo.

Fundi_Mitambo:
Mimi naogopa zaidi kilichoko nyuma ya fomu. Ukiifanya hiari, kagua msimbo wako wa ripoti. Niliwahi kurithi mfumo ulioandikwa "kama si KE, basi ME". Kila aliyeacha wazi akahesabiwa mwanaume, na ripoti zilishatumwa miezi kadhaa.

Kiwango cha ISO 5218, cha kimataifa cha kuandika jinsia kwa namba, kina namba nne: 0 haijulikani, 1 ME, 2 KE, 9 haihusiki. Kinasaidia, ila 0 haikuambii kama mtu hakuulizwa au aliulizwa akakataa. Ukitaka kutofautisha, tafuta alama yako. Na usiache ME imeshawekwa tiki fomu inapofunguka, watu wengi hupita nayo hivyohivyo.

Bi_Mhazini:
Mimi ni mhazini wa kikundi, siyo hapo Mwaloni. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na kwa wanawake anayeomba ni kikundi. Wanachama wetu tunao kwenye daftari, tunajuana kwa sura. Viongozi wako wahesabu daftari lao, wasikusumbue.

Halafu lile chaguo la "Sipendi kusema" mnalopenda kuweka nyie watengeneza mifumo, kwangu linasikika kama nina jambo naficha. Niachie niruke tu.

Fundi_Mitambo:
Sawa dada, ila vile viduara vya kuchagua ukishabonyeza kimoja huwezi kukifuta, unahamia kingine tu. Aliyebonyeza kwa bahati mbaya atokeje? Bora kuwe na "Futa jibu" chini yake.

Bi_Mhazini:
"Futa jibu" naikubali.

Koda_wa_Nyegezi:
Mrejesho wakuu. Kwenye usajili nimeitoa. Iko ndani ya wasifu, ni hiari, anaiona mwenyewe peke yake, na chini nimeandika kwa nini naiuliza. Hapo nilikwama nusu saa, sina sababu ya maana ya kuandika. Nadhani na yenyewe itaondoka.

Ripoti nimekagua. @Fundi_Mitambo, nilikuwa na "kama si KE" yangu pia, sehemu mbili.

Yule mama anataka ile ME yake ifutwe. Mwezi ukikolea dagaa hawavuliwi, atakuwa na nafasi, nitamfuata ajaribu tena.

Sangara_Mkavu:
Gunia mnauzaje kwa sasa?