Akishatoka wodini, mchana anashinda wapi?

Mleta mada: Wakuu, naleta hoja na upande wangu nausema kabisa. Mdogo wangu aliruhusiwa kutoka wodi ya afya ya akili miezi mitano iliyopita. Asubuhi wote tunatoka, yeye anabaki chumbani, pazia limefungwa. Juzi nimenyanyua godoro nikakuta vidonge kumi na moja. Kliniki ni mara moja kwa mwezi: foleni tangu alfajiri, kisha dakika tano, "Unalala? Unasikia sauti?" Basi, mpaka mwezi ujao.

Nataka serikali ifungue vituo vya mchana. Aende asubuhi, ameze dawa nesi akiona, akae na wenzake, ashike kazi ya mikono, jioni arudi kulala nyumbani. London daktari Joseph Bierer alianzisha hospitali ya namna hiyo mwaka 1946. Kwetu tuna Vikuruti chini ya hospitali ya Muhimbili na Hombolo chini ya hospitali ya Mirembe, ila hivyo ni vijiji vya mgonjwa kuhamia na ndugu yake. Mama yetu anauza vitumbua Mbagala, ahamie vipi?

Mchangiaji 1: Pole mkuu. Nauli je? Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku, nani analipa? Mimi ni nesi. Zamu ya usiku tuko wawili wodi nzima. Ukituhamishia kwa waliopona, anayevunja dirisha saa nane usiku atashikwa na nani?

Mleta mada: La nauli umenibana, sina jibu. Ila "waliopona" hapana. Mdogo wangu hajapona, ametulia. Na huyo mvunja dirisha, hebu angalia faili lake: ni mara ya ngapi anarudi hapo?

Mchangiaji 1: Ya nne. Haya, endelea.

Mchangiaji 2: Mimi ni mzazi. Kituo kikishabandikwa kibao getini mtaa mzima utajua, na kijana wangu hatakanyaga. Wa kwangu nimemwombea kwa fundi seremala. Anapiga randa, analipwa ya chai, hakuna anayemwita mgonjwa.

Mleta mada: Sawa mama, na hali ikianza kugeuka, seremala atajua?

Mchangiaji 2: Mwezi wa tatu alinipigia yeye. "Mama, kijana tangu asubuhi anapiga msasa ubao ule ule, na chai kaikataa. Njoo." Nikaenda, tukawahi kliniki.