Yesu wa Nazareti aliwahi kuishi, au ni mtu wa kutungwa? Karibuni kwa hoja

Wakuu, salaam.

Kuna hoja inazunguka kila kukicha, hasa kwa vijana wanaosema wameshaamka: Yesu hakuwahi kuishi. Ni Horus, mungu wa Misri ya kale anayedaiwa naye kuzaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, aliyebadilishwa jina, na habari zake zilitungwa kwenye Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, chini ya Kaisari Konstantino. Naileta hapa tuijadili bila kutukaniana dini. Sizungumzii kama alikuwa Mungu, kama alifufuka, wala kama alisulubiwa au hakusulubiwa. Hilo la mwisho Waislamu na Wakristo wanalo kwenye mihadhara tangu sijazaliwa. Nauliza kama kulikuwa na mtu. Myahudi wa Galilaya, mwenye mama na ndugu, aliyefuatwa na watu.

Msimamo wangu: alikuwepo.

Nikea haitusumbui sana. Mwaka 116 hivi, Tacitus, mwanahistoria Mrumi aliyewadharau Wakristo waziwazi, aliandika kuhusu moto ulioteketeza Roma mwaka 64 na jinsi Nero alivyowasingizia Wakristo. Akaeleza kwamba jina lao linatokana na Kristo, aliyeuawa enzi za Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Hiyo ni miaka 200 na ushee kabla ya Nikea. Maaskofu waliokutana kule walikuwa wanabishana na mafundisho ya kasisi Ario kuhusu uhusiano wa Mwana na Baba, si kumtunga mtu.

Horus nayo, aliyeileta mara ya kwanza sidhani kama alifungua habari za Wamisri wenyewe. Isis, mama yake Horus, alikusanya viungo vya maiti ya mumewe Osiris, akapata mimba kwake. Bikira yuko wapi hapo? Na tarehe 25 Desemba inayopigiwa kelele, hakuna Injili hata moja inayoitaja. Maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo yanayoiweka wazi kuwa siku ya kuzaliwa Kristo ni kalenda ya Roma ya mwaka 354. Mnafananisha Horus na sikukuu, si na mtu.

Karibuni.

JIBU 1
Ngoja niwahi siti ya mbele.

JIBU 2
Mkuu, umechagua hoja dhaifu za upande wetu ukazipiga, sasa unajipigia makofi. Achana na Horus. Nijibu haya.

Tacitus aliandika zaidi ya miaka 80 baada ya tukio. Huenda alirudia tu walichokuwa wanasema Wakristo wenyewe. Josephus, yule mwanahistoria wa Kiyahudi, kifungu chake maarufu kinasema Yesu "alikuwa ndiye Kristo". Myahudi ambaye hakuwahi kuwa Mkristo anaandikaje hivyo? Kimechakachuliwa. Philo, msomi wa Kiyahudi wa Aleksandria, aliishi wakati uleule, akaandika mpaka habari za Pilato, lakini Yesu hamtaji. Na Paulo, mwandishi wa kwanza kabisa, karibu hasemi lolote la maisha yake: hakuna Nazareti, hakuna Mariamu, hakuna mifano wala miujiza. Anamzungumzia Kristo aliyemtokea kwenye maono. Injili zimekuja baadaye kumjazia maono hayo nyama na mifupa.

MLETA MADA
Sasa hapo umeongea, mkuu. Hiyo ndiyo hoja inayostahili jibu.

Tacitus nakuachia nusu. Inawezekana alisikia kwa watu. Josephus pia, kile kifungu cha kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi kimetiwa mikono. Wataalamu wengi wanasema kulikuwa na maneno yake machache, Wakristo wakaongeza yao. Lakini kuna kifungu kingine, kitabu cha 20, ambacho watu hukiruka. Pale anasimulia jinsi kuhani mkuu Anano, mwaka 62, alivyotumia nafasi ya gavana mmoja kufa na mwingine kuwa njiani, akamhukumu Yakobo apigwe mawe. Kumtambulisha Yakobo huyo anasema ni ndugu wa Yesu "aitwaye Kristo". Hakuna sifa wala mahubiri. Ni namna ya kumtofautisha na akina Yakobo wengine, basi. Mkristo akitaka kupachika kitu haandiki kwa ubaridi hivyo.

Huyo Yakobo mshike hapohapo, twende kwa Paulo. Wagalatia sura ya 1. Paulo ana hasira. Kuna watu wanamsema kwamba injili yake ameipata kwa wakubwa wa Yerusalemu, naye anataka kuonyesha hakuwategemea. Anasema baada ya miaka mitatu alipanda Yerusalemu kumwona Kefa (yaani Petro), akakaa kwake siku 15, na mtume mwingine hakumwona ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo.

Anaapa ili ionekane alikutana na watu wachache. Kumtaja Yakobo hakumsaidii, kunampunguzia hoja. Ametaja kwa sababu walikutana, na waliokuwa wanamsema wangemuumbua kama angeficha. Sasa mtu wa kutungwa anapataje ndugu wa damu, ambaye mwandishi amemwona kwa macho, na ambaye Myahudi asiye Mkristo anaandika kifo chake?

Najua jibu lenu: "ndugu wa Bwana" ni cheo, waumini wote ni ndugu. Sawa, lakini Kefa katika maneno hayohayo hapewi cheo hicho, na ni muumini kuliko wengi. Kwenye 1 Wakorintho 9:5 Paulo anawataja mitume wengine, na ndugu za Bwana, na Kefa, kila mmoja mahali pake.

Kuhusu ukimya wa Philo, angekuwa na sababu gani ya kumwandika? Mhubiri wa vijijini Galilaya si habari ya msomi wa Aleksandria. Pilato mwenyewe aliyetawala Uyahudi miaka kama 10, jiwe lenye jina lake limepatikana Kaisaria mwaka 1961 tu.

JIBU 4
Mimi kinachonishawishi ni Nazareti. Kama unatunga Masihi, ambaye alitarajiwa kutoka Bethlehemu, mfanye azaliwe huko na umlelee hukohuko, umalize. Lakini Mathayo na Luka wote wanahangaika: mmoja familia inatoka Bethlehemu, inakimbilia Misri, ndipo inahamia Nazareti, mwingine inatoka Nazareti kwenda kuandikishwa sensa. Sensa yenyewe ya gavana Kirenio ilikuwa mwaka 6 BK, na mfalme Herode, ambaye Yesu anasemekana alizaliwa enzi zake, alishakufa mwaka 4 KK. Huhangaiki hivyo ila kama kila mtu anajua jamaa ni wa Nazareti.

JIBU 5
Asalaam aleikum. Kwetu Nabii Isa (a.s.) kuwepo kwake hakuna mjadala. Ila ndugu mleta mada, kipimo chako kinavuka kwa wengine, au ni cha Yesu tu?

MLETA MADA
Waaleikum salaam, shehe wangu. Kinavuka. Kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) kazi ni nyepesi zaidi. Kasisi mmoja aliyeandika kwa Kisiria mwaka 640 hivi anataja vita vya mwaka 634 karibu na Gaza kati ya Warumi na Waarabu wa Muhammad. Hiyo ni chini ya miaka kumi tangu afariki mwaka 632, na mwandishi alikuwa wa upande wa walioshindwa.

JIBU 2
Na Musa je? Maana yuko kwenye vitabu vya dini zote mbili mnazozitetea.

MLETA MADA
Musa ni mwingine kabisa, mkuu. Jiwe la Farao Merneptah la mwaka 1208 KK hivi linataja Israeli, lakini Musa hayumo, na maandishi yanayomhusu hatuna yoyote ya karibu na enzi zake. Kwa kipimo nilichotumia hapa, siwezi kukuletea Yakobo wake.