Nina elfu kumi na tano: ninunue kamera ama taa?

mwana_kibokoni: Asalaam aleikum wazee. Nashuti filamu fupi, kuna sini moja ya usiku ndani kwa nyanya Mji wa Kale, bimkubwa kaketi kitandani asoma barua. Tukawasha ile tyubu ya darini nikapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa nuru, mpaka 6400, kwa kioo cha kamera yaonekana poa, kufungua kwa laptop wallahi ni chengachenga tupu, macho ya bimkubwa mashimo, na kuna mistari myeusi yapita ukutani. Rafiki yangu asema shida ni kamera. Niiuze niongeze hii elfu kumi na tano nichukue kubwa?

fundi_mataa: Usiuze kitu. Hata kamera ya milioni ukiiweka chini ya tyubu moja ya darini macho yatakua mashimo tu, ni ka jua letu la saa sita. Zima tyubu. Weka taa ya meza kando ya kitanda ionekane, halafu taa ya LED utakayonunua uifiche nje ya fremu upande uleule, mtazamaji aamini nuru yatoka kwa ile ya meza. Na isogeze karibu, ukiitoa mita moja ukaipeleka mbili nuru yabaki robo. Mistari ni tyubu yapepesa na stima, yetu ni 50Hz, weka shata (muda kila picha yapokea nuru) 1/50 ya sekunde itatulia.

dada_wa_tudor: Ila usimmwagie mtu taa usoni jamani, ngozi zetu nyeusi zapendeza taa ikija ubavuni tena ikiwa imegonga kitu cheupe kwanza, manila ama shuka. Upande wa pili tundika buibui jeusi. Sicheki! Kuta za chokaa zarudisha nuru kila pembe, kivuli chapotea. Nilitumia la mamangu akauliza nani kafa.

jombi_254: Mwamtisha bure, apate lenzi ya f/1.8 tu, yenye tundu kubwa la kuingiza nuru, mambo yaishe

fundi_mataa: Lenzi itakuletea mwangaza mwingi ulio mbaya vilevile. Na ukiifungua yote bimkubwa akiinamia barua kidogo tu fokasi ishatoroka.

mwana_kibokoni: Na dirisha je? Latoka jeusi tii ka ukuta

dada_wa_tudor: Kwani lazima ushuti usiku? Anza jua likishatua tu, rangi ya nuru kwa kamera (white balance) iweke 3200 Kelvini na balbu ya manjano ndani, dirisha litatoka samawati lenyewe bila senti. Ila mfanye mazoezi mapema, giza la huku laingia mbio, mwapata dakika ishirini hivi.

mwana_kibokoni: Nmejaribu jana na LED ya kuazima. ISO 800, uso watoka safi, nusu kivuli, hata mkono ulioshika barua waonekana watetema. Nyanya katokea mlangoni katikati ya teki, "mbona mwakaa kizani, stima imekatwa?" Sasa feni ya hiyo LED yavuma na kwa sauti yote imeingia, hii nayo nifungue uzi mwengine?