Maalim wetu ameitwa jahili barazani kwa kusema "Allahu aalam", yaani Mungu ndiye ajuaye. Tanga tumefika huku?

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa hasira. Leo naumaliza.

Ni Ngamiani, usiku wa kutazama mwezi, Ramadhani 29. Tumekaa barazani baada ya magharibi, kahawa inazunguka. Kila mwaka usiku kama ule watu humwendea maalim wetu, mzee aliyetusomesha Juzuu Amma mimi, ndugu zangu na nusu ya mtaa, kumuuliza kama kesho ni Idd. Akajibu anavyojibu siku zote: "Mimi mwezi sijauona, na aliyeuona hajanijia. Tukamilishe 30. Allahu aalam."

Akasimama kijana mmoja, naye kasomeshwa na maalim huyohuyo. Shikamoo hakutoa. Akamsogezea mzee simu usoni, ina picha ya mwezi wa nchi nyingine, akasema haki imeshadhihiri, atakayefunga kesho amefunga siku ya haramu, na jahili asipoteze watu. Maalim alikuwa na kikombe mkononi. Nilikiona kinatikisika, kahawa ikamwagikia kanzu, akakirudisha kwenye sinia taratibu bila neno. Lile doa halijanitoka machoni.

Sikuudhika kwa sababu ya rai yake. Wapo wanazuoni wakubwa waliosema mwezi ukiandama popote unatosha, na wapo wakubwa vilevile waliosema kila mji na mwandamo wake. Nimeudhika kwa kuwa yeye amejipa elimu yote, asiyekubaliana naye hana hata haki ya heshima.

Hebu tuutazame huo mwezi wenyewe. Mwandamo hadi mwandamo ni takriban siku 29 na nusu, ndiyo maana mwezi wetu huwa wa siku 29 au 30. Hilali, yaani mwezi mwandamo, huonekana magharibi jua likishazama, muda mfupi tu, kisha nayo inazama. Sisi Tanga magharibi yetu si baharini, ni bara, upande wa Muheza na milima ya Usambara, na likitanda wingu huko usiku huo umekwisha. Mtu wa Senegal jua humchwea zaidi ya saa tatu baada yetu, na kwa saa hizo mwezi umeshajitenga na jua kidogo zaidi. Yeye anaapa kauona, mimi naapa sikuuona. Hapo mwongo ni nani?

Na jambo hili si geni. Imo katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi, habari ya Kuraib, aliyeuona mwezi Sham (Syria na jirani zake) usiku wa Ijumaa, akarudi Madina akamkuta Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, na watu wake wameuona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas akashika mwandamo wa Madina. Hakumwita Kuraib mwongo, wala Kuraib hakumwita yeye jahili. Hawa ndio watu tunaodai kuwafuata!

Imamu Shafii, ambaye pwani nzima hii tunasali kwa madhehebu yake, alikuwa na kauli zake za Iraq, akahamia Misri akazibadili nyingi, na vitabu vya fikihi hadi leo vinataja kauli ya zamani na kauli mpya. Alifariki huko mwaka 820. Mtu wa elimu ile alikubali kwamba jana aliona hivi na leo ameona vingine. Kijana wa Ngamiani mwenye bando la siku moja yeye hakosei.

Ghazali naye, mwanazuoni mkubwa, kabla hajaacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, alipita katika shaka nzito mpaka macho yake mwenyewe akaacha kuyaamini. Anaeleza kwamba jicho huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu zikathibitisha ni kubwa kuliko ardhi. Hakutoka pale kafiri. Alitoka na yakini, lakini aliihangaikia, hakutumiwa kwenye simu.

Na Wakristo msifurahi, ugonjwa ni mmoja. Jirani yangu Mbondei, mama yake kazikwa Kianglikana, ameambiwa na mhubiri wa kipaza sauti kwamba marehemu yuko motoni. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kwa kioo, kwa jinsi ya fumbo. Huyo mhubiri ameona uso kwa uso lini?

Najua nitaambiwa imani yangu ina mashaka. Hapana. Haki ipo na Mwenyezi Mungu anaijua yote. Ila Kurani, Suratul Israa aya ya 85, inatuambia hatukupewa elimu ila kidogo, na mimi hicho kidogo siwezi kukigeuza fimbo ya kumpigia mzee.

Kesho yake mdogo wangu, aliyekuwa akishangilia pale barazani, alikula Idd. Akamletea mama pilau saa sita mchana, mama amefunga, akamwambia saumu yake hiyo ni dhambi. Mama hakumjibu. Alilifunika pilau kwa kawa, akakaa nalo hadi magharibi, akafuturu nalo. Mpaka leo mtu na mama yake wanasalimiana kwa simu, na nyumba zimepakana.

Wewe uliyemtolea mzee maneno unajijua, na najua unasoma humu. Maalim yupo barazani kila siku baada ya alasiri. Nenda kamwombe radhi mbele ya walewale waliokusikia.