Vijana wetu wa hotelini Nungwi: tuwalee vipi baada ya ubatizo?

MleziNungwi
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu kina vijana 9 wa kiume, wengi wametoka Bara, wanafanya kazi hoteli za Nungwi na Kendwa, huku Unguja. Ni wahudumu wa meza, wasafisha vyumba, na mmoja yuko kaunta ya baa. Mafundisho ya ubatizo waliyapata vizuri na Biblia wanaisoma. Tabu ni wiki yenyewe: bakshishi inayoingia kila siku na haifiki Jumamosi, mikeka ya kubeti mpira kwenye simu, sherehe za ufukweni, na zamu zinazomeza Jumapili. Tukihubiri Warumi 12:2, "msiifuatishe namna ya dunia hii", wanaitikia amina, kisha mambo yako vilevile. Naomba utaratibu, mahubiri tunayo ya kutosha. Na huyu wa baa, aache kazi?

KatekistaMstaafu
Amina. Anza na neno lenyewe. Kufuatisha, kwa mtoto wa skuli, ni kuweka karatasi nyepesi juu ya picha na kupitisha penseli kwenye mistari. Anayefuatisha hafikiri, mkono unakwenda palipokwisha kuchorwa. Wiki ya kijana wa hoteli imeshachorwa na ratiba ya zamu, siku ya mshahara na kifurushi cha usiku. Kabla ya kutafuta dhambi, tafuta hiyo mistari.

Kila mmoja apewe karatasi yenye siku 7, na kila siku igawanywe mara 4: kabla ya kazi, kazini, saa 2 za kwanza baada ya kutoka, na usiku. Kwa wiki 2 aweke alama tatu tu. U akiwa amechoka, P akiwa na pesa mkononi, K akiwa peke yake. Palipokutana alama mbili pana shimo. Kwa wa zamu ya jioni usishangae likiwa kati ya saa 5 na saa 8 usiku: mwili umechoka, akili bado imewaka, mfukoni mna noti. Nyinyi mnamkataza disko, kumbe anaangukia kitandani na simu mkononi.

Shimo likishaonekana, lifukiwe. Mathayo 12:43-45 inasema nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu iliishia pabaya kuliko mwanzo. Lakini saa hiyo usimpe sura 5 za Biblia, atasinzia kwenye ya kwanza na kesho ataona aibu kufungua tena. Aoge, ale kitu, asome kwa sauti zaburi moja (ya 4, 91 na 134 ndizo za sala ya kulala tangu zamani), simu iwekwe chaji nje ya chumba, alale. Dakika 15 zinatosha. Saa ya kengele anunue ya mezani, maana "simu ndiyo inayoniamsha" ndicho kisingizio cha kwanza utakachosikia.

Mstari wa kukariri uwe mmoja kwa wiki. Aurudie siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 7, kisha ya 14. Akibeba mitano kwa mpigo Jumapili, Alhamisi hatakuwa na hata mmoja.

mhasibu_Paje
Nichukue upande wa pesa. Bakshishi huyeyuka kwa sababu inakuja kidogo kidogo, hivyo mtu haihesabu kuwa kipato. Dawa ni bahasha 4, zigawiwe usiku uleule kabla ya kulala. Tuseme kwa wiki amepata 60,000: zaka 6,000, nyumbani 24,000, akiba 18,000, matumizi 12,000. Bahasha ya matumizi ikiisha Jumatano, basi imeisha Jumatano. Akiba isikae chumbani, ipelekwe benki siku yake ya mapumziko. Dola azibadilishe siku moja tu ya wiki, vinginevyo ile noti ya dola 10 huonekana kama pesa ya bure.

Mikeka ina mpangilio wake, na ukikosea mpangilio umerudi ulikotoka:
1. Atoe salio lote kwanza.
2. Aiandikie kampuni imfungie akaunti.
3. Afute programu.
4. Atoke kwenye makundi yote ya WhatsApp na Telegram yanayogawa "odi za uhakika".

Anayeanza kwa kufuta programu huku salio limebaki, baada ya siku chache atairudisha "kutoa salio tu". Na msimwekee kikomo cha dakika kwenye simu mkadhani mmemaliza, kwani kikomo alichokiweka mwenyewe atakiondoa mwenyewe.

Kuna jambo hamkuligusa, komisheni. Mhudumu anampeleka mgeni duka la vinyago, mwenye duka anapandisha bei, tofauti wanagawana. Kipimo ni kimoja: je, unaweza kumtajia mgeni fungu lako kabla hajalipa? Kama huwezi, umemuuza. Akitaka kurekebisha, Hesabu 5:7 inadai alichochukua na sehemu ya tano juu yake. Aliyezidisha 50,000 anarudisha 60,000. Zakayo mtoza ushuru (Luka 19:8) alijitoza mara nne, lakini hiyo alijipangia mwenyewe.

Mkarafuu_Wete
Huku Pemba sherehe za ufukweni si kawaida yetu, lakini dunia ipo. Inakuja msimu wa karafuu: makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaliyochanganywa ndani ya gunia, karafuu zilizoanuliwa kabla hazijakauka ili mizani ilemee, pishi (kipimo) ya mchumaji inayojazwa kichuguu na kulipwa kama ya kawaida. Mwenye shamba anaweza asionje pombe maisha yake yote na akawa amefuatisha dunia barabara. Soma 1 Yohana 2:16, vitu ni vitatu: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, kiburi cha uzima. Mafundisho ya vijana hukaa kwenye cha kwanza tu. Mkishaandika orodha ya "msishike, msionje, msiguse", someni na Wakolosai 2:23 muone Paulo alivyoipima.

Na khasa hili, kaka Mlezi. Vijana wanaotoka Bara wengine hudhani dunia ni mazingira ya Kiislamu yanayowazunguka. Hapana. Kula barabarani mchana wa Ramadhani si ujasiri wa imani, ni kumkwaza jirani. Ale ndani, mlango umerudishwa, Warumi 14 iko wazi. Tena jirani huyo ni msaada. Kijana anayepanga chumba mtaani, kwenye nyumba ya familia isiyokunywa wala kubeti, ambayo mwenye nyumba anajua nani kaingia saa ngapi, ana ulinzi ambao mabweni ya wafanyakazi hayana. Kama kodi inawezekana, waanzie hapo.

MleziNungwi
Nashukuruni sana. Mzee Katekista, wale 9 wakutane pamoja au niwagawe? Na la baa bado halijajibiwa.

KatekistaMstaafu
Wagawe watatu watatu, kwa kufuata zamu wala si urafiki, la sivyo hawatapata saa ya kukutana. Dakika 40, mara moja kwa wiki. Maswali manne: Shimo lako wiki hii lilikuwa wapi? Ulilifukia kwa kitu gani? Pesa yote iliyoingia unaweza kuieleza? Je, kuna swali ambalo umenijibu uongo hapa? La nne ndilo lenye kazi. Wawili wakikutana hufichiana, watano wakikutana kila mtu huungama kosa jepesi. Wewe mlezi ujibu kwanza, la sivyo wataona ni mahojiano. Na maungamo yasiandikwe WhatsApp kabisa, picha moja ya ukurasa ikitoka nje, kikundi kimekufa.

Ama baa, swali ni la zamani kuliko hoteli. Mwongozo wa Kanisa la kale unaohusishwa na Hippolytus wa Roma, karne ya 3, uliwaweka wanafunzi miaka 3 kabla ya ubatizo, na kazi zao ziliulizwa mwanzoni kabisa. Mchonga sanamu aliambiwa aache. Mwalimu wa elimu ya kidunia aliambiwa ni vizuri aache, ila kama hana ufundi mwingine aruhusiwe. Kwa hiyo hata wao hawakuwa na jibu moja kwa kila kazi. Madhehebu yetu pia hayakubaliani kuhusu kileo chenyewe, hivyo amwone mchungaji wake. Lakini Habakuki 2:15 haiachi mlango: kumlevya mtu ili anunue zaidi ni ole. Akilazimishwa hilo, atoke. Kama sivyo, aombe kwa maandishi kuhamishiwa jikoni au mapokezi, na huku aweke akiba ya matumizi ya miezi 3. Anayeacha ghafla bila akiba hukopa kwenye simu, na riba ile humrudisha baa nyingine yenye masharti mabaya zaidi.

mhasibu_Paje
Kuhusu Jumapili: barua ya kuomba zamu ifike kwa msimamizi kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa, baada ya hapo ni kumsumbua tu. Msiombe Jumapili zote. Ombeni mbili kati ya nne za zamu ya jioni ili asubuhi waende ibadani, na kwenye barua hiyohiyo wajitolee kushika zamu za Idi na Ijumaa mchana ili wenzao Waislamu nao wapate kuswali. Barua ya aina hiyo ni ngumu kukataliwa.