Tupeane uzoefu: Uvimbe wa ubongo ukishatolewa, nani anamuuliza kijana anaishije?

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa vijana waliotibiwa uvimbe kwenye ubongo, pamoja na wanaowauguza, kuhusu mahitaji yaliyobaki baada ya upasuaji na mionzi. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji akiwa chuoni. Kila tukienda kliniki daktari hutazama picha ya MRI, hupima nguvu za mikono na miguu, hutuambia kwamba uvimbe haujarudi, nasi tunashukuru kwa dhati. Hata hivyo, kijana huyo hawezi kufuatilia mhadhara mpaka mwisho, husahau alichosoma jana, huchoka uchovu usioondoka kwa kulala, na marafiki zake wamepungua. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye faili lake, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, naye huona haya kulalamika ilhali watu wanamwona mzima.

Kipo kipimo cha karatasi moja kinachotumika katika kliniki za saratani za nchi nyingi: mgonjwa huchagua namba kuanzia 0 hadi 10 kuonyesha dhiki yake ya wiki iliyopita, kisha huweka alama kwenye orodha ya matatizo, kama vile usingizi, kumbukumbu, fedha na malezi ya watoto. Anayefikisha namba 4 au zaidi ya dhiki huchunguzwa kwa undani. Kwa vijana wetu ningeongeza masomo, uchumba na uzazi, na ningesisitiza kwamba mzazi asimjazie. Familia iulizwe kando, kwa sababu uvimbe wa ubongo unaweza kumfanya mtu asitambue namna alivyobadilika.

Mchangiaji, Mwanza
Asante kwa mada hii. Mimi natumia kabamazepini kuzuia kifafa kilichonipata baada ya upasuaji. Kliniki walizungumza na mama yangu zaidi kuliko mimi, ingawa nilikuwa mtu mzima na nilikuwa nakaribia kuolewa. Ni muuguzi wa uzazi wa mpango, mahali pengine kabisa, aliyenieleza kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba, na kwamba dawa nyingine ya kifafa, valproate, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dada zangu, ulizeni jambo hili mapema, na msiache dawa bila ushauri wa daktari.

Mchangiaji, Morogoro
Mimi ni fundi umeme. Cheti nilichopewa kilisema tu kwamba naweza kuendelea na kazi, na mwajiri alipokisoma akanirudisha kwenye ngazi siku hiyohiyo, wakati bado nilikuwa napata degedege. Nilichohitaji ni barua inayoeleza kwamba nisipande juu na nisifanye kazi peke yangu, lakini mezani naweza kutengeneza pampu na mota kama zamani. Barua ya namna hiyo niliipata baadaye, baada ya kuiomba kwa maneno hayo hayo.

Mchangiaji, Mombasa
Pole sana kwa mgonjwa, ndugu yangu. Mume wangu alikuwa mpole; baada ya matibabu akawa mwepesi wa hasira hata mbele ya watoto. Jamaa walisema ni jini, wengine wakanilaumu mimi. Laiti daktari angetueleza mapema kwamba uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kubadilisha tabia, nyumba yetu ingeepuka maneno mengi. Hatimaye alieleza alipoulizwa, mbele ya wakwe, na mambo yakatulia kiasi.

Mwanzisha mada
Nawashukuru nyote. Mdogo wangu amejaza karatasi yake mwenyewe, na jambo aliloliweka la kwanza si kumbukumbu kama nilivyodhani, bali kwamba nyumbani tumeacha kumtuma na kumshirikisha katika maamuzi. Tutaipeleka kliniki ijayo iwekwe kwenye faili. Waliorudi chuoni, hasa walioomba muda wa ziada wa mtihani, naomba mtueleze mliombaje na mlihitaji nyaraka gani.